Taya Langu Kwenye Picha ya Mazishi

Mshauri wetu wa redio, kila asubuhi nakusikiliza nikimenya vitunguu saumu, leo naomba unisikilize wewe. Nina miaka sabini na minne, naishi hapa mjini Gunsan, na tangu kuzaliwa taya langu la chini limerudi nyuma hata kidevu hakionekani, miaka yote nacheka nimefunika mdomo kwa kiganja na watu wanadhani ni adabu, marehemu mume wangu tu ndiye aliyekuwa akisema, "Kidevu chako kina haya, kimejificha, ngoja nikitafute." Mwezi uliopita wapiga picha walikuja kwenye klabu yetu ya wazee kutupiga bure picha za mazishi, zile zitakazowekwa kati ya maua tukifa, kisha mezani kila mwaka wanetu wakituandalia chakula cha kumbukumbu na kuzisujudia, na yangu ilipoletwa niliitazama mara mbili, walikuwa wamenisogezea taya mbele kwa kompyuta, na mwanamke yule alikuwa mzuri, ndiyo sura niliyoiomba mbingu nikiwa msichana! Mwanangu Hyeok-ju akasema, "Mama, umekuwa nyota wa sinema!" Rafiki yangu Mal-sun akacheka, "Mumeo akikuona hivyo huko ahera atakwambia, samahani dada, namsubiri mke wangu." Nikacheka, lakini likaniingia.

Juzi tulisherehekea siku mia moja tangu kuzaliwa kwa Da-on, binti wa Hyeok-ju, nikampakata, akapiga mwayo, na lo, taya langu hilo! Limempita mwanangu kimyakimya, limetua pale, dogo kabisa, nikastaajabu kana kwamba mama yangu amenigusa. Mkamwana wangu, mama yake, analia kwa siri kwa ajili ya taya hilo. Je, picha niiache au niibadilishe?

Geum-rye

Bibi Geum-rye, mwayo huo umenisisimua hata mimi. Ila nakugombeza: mkamwana analia, nawe unauliza habari za picha? Mtoto kwanza. Taya la namna hiyo laweza kumsumbua kunyonya na kupumua. Apelekwe kwa daktari wiki hii, na akipaliwa au akikoroma, leo hii. Njiani msimulie mama yake habari za kidevu chenye haya.

Kisha kapige picha nyingine, vazi lilelile, mikono magotini, ukicheka. Ile nzuri weka kabatini, itazame utakavyo, hakuna dhambi. Lakini ya mezani iwe yako. Da-on ataisujudia miaka mingi, na akiinua kichwa amkute mtu anayefanana naye.