Printa Uliyotutumia na Jicho la Mama

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo kwa sababu nakujua, usipoikuta mwanzoni utaikunja barua na kuirudisha kwenye bahasha. Hujambo lakini? Goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mzee wako je, wamemwondoa kwenye zamu ya usiku au bado analala mchana akiwa amefunika uso kwa gazeti? Natumaini barua hii itawakuta nyote salama, mmekaa meza moja, mnacheka kama ninavyowakumbuka.

Sisi huku ni wazima wa mwili, na mimi nimenenepa kidogo. Ndoa, Shangazi! Mbona hukuniambia ni tamu hivi? Asubuhi mume wangu akiondoka kwenda karakanani kutengeneza majokofu ya watu, nasikiliza viatu vyake kwenye ngazi mpaka mlango wa chini ufungwe, kisha nakimbilia dirishani nimwone akivuka barabara. Naye anajua. Akifika kwenye nguzo ya taa anainama, anajifanya anafunga kamba za viatu, kumbe ananichungulia. Viatu vyenyewe havina kamba.

Najua hapo umetabasamu. Sasa kaa chini vizuri, maana nina jambo la kukueleza, na si la kuchekesha sana. Ningeweza kukupigia simu, lakini nilijaribu kulisema kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, nikashindwa kulimaliza.

Ni habari za mama mkwe wangu. Unajua tunaishi naye, amepewa chumba chenye dirisha la mashariki kwa sababu ya jua la asubuhi. Siku za harusi nilikuambia kwamba macho yake yana matatizo. Sikukuambia yote, kwa kuwa na mimi sikuyajua yote. Ugonjwa umeshika katikati ya jicho. Jicho la kulia limekwisha kabisa. La kushoto limebaki na uoni kidogo pembeni, kwa hiyo akitaka kukutazama anageuza kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mlango. Mwezi uliopita tulimpeleka kliniki ya macho. Daktari alikuwa mpole, alizungumza naye mwenyewe, hakuzungumza juu ya kichwa chake kama alivyofanya yule wa kwanza. Akasema kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki kinaondoka polepole, hakuna anayeweza kusema lini kitakwisha. Mama akamshukuru, akauliza kama choo kiko mbali.

Na kilichonikaa moyoni ni hiki, Shangazi: mama mkwe wangu hajawahi kuniona. Nilipoletwa nyumbani kwao mara ya kwanza, nyuso za watu zilikuwa zimeshamtoka. Ananijua kwa sauti, kwa mwendo, na kwa sabuni ninayofulia. Ananiita mwanangu, ananigawia mto wake mzuri, ananitetea mbele ya mwanawe hata pale ambapo kosa ni langu waziwazi. Yote hayo anamfanyia mtu asiye na sura.

Tulidhani picha za harusi zitasaidia. Kwenye simu haikuwezekana, kioo kinamwakia, anaona mwanga mtupu. Tukaenda studio tukachapishiwa picha nzuri, karatasi nzito inayong'aa. Mume wangu akampa Mama ile ambayo tumesimama wote wawili mlangoni. Akaishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Mmependeza sana, wanangu. Mmependeza mno."

Alikuwa ameishika juu chini.

Mume wangu alinyoosha mkono akaigeuza taratibu mikononi mwake, kama mtu anayemtengenezea mama yake ukosi. Kisha akatoka nje, nikamkuta kwenye ngazi. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale, akiwa amekaa kwenye vumbi na suruali yake ya kazi, hataki nione macho yake.

Ndipo zawadi yako ikafika.

Nisamehe kwamba mwanzoni niliitumia kama pambo. Printa nyeupe vile, isiyotaka waya, inayoongea na simu! Niliiweka kwenye meza ya sebuleni, nikaifunika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, wageni wakija naifunua kama mtoto aliyelala. Mume wangu akawa ananitania, "Mpenzi, mashine haisikii baridi." Lakini ni yeye aliyewaza. Alisema karatasi ya kawaida haing'ai. Tukichukua uso mmoja tu, tukaukuza ujaze karatasi nzima, weusi uwe mweusi kwelikweli na weupe uwe mweupe, huenda lile jicho la pembeni likaudaka. Na kwa kuwa mashine iko nyumbani, tutachapa mbele yake mwenyewe dirishani, akisema haoni tunarekebisha, tunachapa tena, mpaka aone. Studio nani angetuvumilia hivyo?

Basi jana asubuhi tukaanza, mapema, jua likiwa bado kwenye dirisha lake. Tuliiingiza printa chumbani kwa Mama. Tukabandua zile tepu zote za ndani, tukaweka wino, tukapanga karatasi. Ikanguruma vizuri. Kazi iliyobaki ilikuwa kuiunganisha na simu ya mume wangu. Maelezo yalikuwa mepesi: simu na printa ziingie kwenye mtandao mmoja wa intaneti, wa hapa nyumbani, kisha zitatambuana zenyewe. Simu ilikuwa imeshaingia zamani. Printa ikakataa.

Shangazi, ilikataa kabisa. Unachagua mtandao wetu kwenye kioo chake kidogo, unaandika nenosiri, inazungukazunguka, inasema haiwezi. Tukaandika upya, herufi moja moja, mimi nasoma yeye anabonyeza. Haiwezi. Tukaizima, tukaiwasha. Tukaisogeza karibu na kile kisanduku cha intaneti mpaka vikagusana. Haiwezi. Na jua lilikuwa linapanda, na likishapita lile dirisha, Mama haoni kitu mpaka kesho yake. Nikaona taya la mume wangu linaanza kukaza. Nikaogopa atasema mashine uliyotutumia ni mbovu, na mimi ningelia.

Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini. Nadhani sijawahi kukueleza kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Alikuwa opereta wa simu, wale wa zamani waliokaa mbele ya ubao wenye matundu, wakichomeka nyaya kuwaunganisha watu wa mbali. Akauliza, "Mnamuunganisha nani na nani?"

Mume wangu akamweleza.

"Na hiyo mashine inaona laini zipi? Nisomee."

Akamsomea majina ya mitandao iliyotokea kwenye kioo cha printa. Kuna wa jirani wa juu, "Mwalimu Ghorofa ya Tatu". Kuna "Jitafutie Yako". Kuna wa duka la vioo. Akaishia hapo.

"Na wa kwenu?"

Hapo, Shangazi, nikaanza kutazama vidole vyangu vya miguu. Mume wangu akakohoa. "Upo, Mama. Upo hapa."

"Najua upo. Unaitwaje?"

Uelewe kwamba jina hilo tulilibuni juma la kwanza la ndoa yetu, tukiwa wawili, tukicheka, bila kufikiria kwamba litakuja kusomwa mbele ya mama mkwe. Na ndiyo maana hata wakati tunahangaika tulikuwa tunanong'ona, tukisema tu "huu wetu". Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akalisema akiwa ameangalia ukuta.

"Laazizi na Kipenzi."

"Haya. Ni hilo tu?"

"Na mioyo miwili. Imechorwa mwishoni."

Mama hakucheka. Alifikiri. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazini kabisa, "Simu inaiona hiyo mioyo?"

"Inaiona."

"Na mashine? Iangalie vizuri. Inaiona, au unaiona wewe kwa sababu unajua ipo?"

Mume wangu akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Nikainama naye. Pale ambapo kwenye simu kuna mioyo miwili myekundu, kwenye printa palikuwa na visanduku viwili vitupu. Tulikuwa tumevitazama asubuhi nzima!

"Inaona visanduku, Mama."

"Basi mashine haimjui mnayetaka izungumze naye," akasema Mama. "Mioyo kaeni nayo nyinyi. Mashine ipeni maneno."

Mume wangu akauliza, kwa aibu, kama abadilishe jina lote. Mama akasema, "La nini? Uliyemuoa si kipenzi chako?" Nikajificha uso kwa khanga. Mume wangu akaingia kwenye mipangilio ya kile kisanduku cha intaneti, akaifuta mioyo tu, maneno akayaacha. Simu ikaingia upya, printa ikaandikiwa nenosiri lilelile, ikazunguka kidogo, kikawaka kitaa cha buluu, kikatulia. Kwenye simu likatokea jina la printa yako. Sikuamini. Niliipapasa ile mashine mgongoni.

Karatasi ya kwanza ilitoka imepauka. Mama akaipeleka kwenye mwanga, akageuza kichwa, akasema anaona ukungu. Tukaongeza weusi. Akasema sasa kuna kitu kama kichwa. Kwenye picha ya harusi tukakata nywele na vazi na maua, tukabakiza kuanzia kwenye nyusi mpaka kidevuni, uso wangu ukajaa karatasi pembe hadi pembe, nikaona hata aibu kujitazama. Mume wangu akamwekea mkononi. Mara hii aliangalia kwanza kama iko wima.

Mama akasogea mpaka paji lake likagusa kioo cha dirisha. Akaisogeza karatasi kando, kidogo huku, kidogo kule, akarudi nyuma. Mume wangu alikuwa amenishika kiganja, na mkono wake ulikuwa wa baridi, mtu ambaye siku zote ana mikono ya moto.

"Kumbe una mwanya," akasema Mama.

Nikaugusa mwanya kwa ulimi.

"Hukuniambia una mwanya. Mwaka mzima nakusikia ukicheka, sikujua." Akapitisha kidole kwenye karatasi, katikati ya meno yangu. "Na hapa ulikuwa unacheka huku unalia. Macho yamejaa. Ulikuwa unamlilia nani, mwanangu, siku nzuri kama ile?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa namlilia baba yangu ambaye hakuifikia siku ile, na nakulilia wewe, Shangazi, uliye mbali, kwa kuwa ulipaswa kusimama mahali pake. Mama akatikisa kichwa, akaendelea kunitazama. Nasema kunitazama kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya hapo hakuwahi kunifanyia hivyo.

Kisha akataka na mwanawe. Tukamchapia. Picha ya huyo aliishika muda mrefu zaidi, akasema tu, "Ndevu hizi ulianza lini? Ni za baba yako." Mume wangu akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwake, nami nikatoka kwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Niliporudi Mama alikuwa bado na uso wangu mkononi. Akaniuliza mwanya nimeutoa wapi, maana alimkumbuka mama yangu akicheka siku walipokuja kunichumbia, wala hakusikia mtu akisema kwamba yupo mwenye mwanya upande huo. Nikamwambia ni wa upande wa baba, ni wako, na kwamba nilipokuwa mdogo uliniita Mwanya Mdogo nami nikakuita Mwanya Mkubwa. Akainua kichwa.

"Aliyetuma mashine?"

"Ndiye, Mama."

"Basi niletee na yeye. Nimwone wakati bado nipo na hili jicho."

Ndiyo sababu ya barua hii, Shangazi. Tafadhali nipigie picha ya uso wako. Najua hupendi, najua utasema umechakaa, utasema ungoje ukasuke nywele kwanza. Usingoje. Simama nje kwenye mwanga, vua miwani, mwambie Mzee wako asogee karibu mpaka uso wako ujae kwenye simu yake. Halafu cheka, meno yote yaonekane. Itume siku hiyohiyo, nami nitaichapa asubuhi inayofuata, jua likifika dirishani. Wiki iliyopita Mama alikuwa bado anaona rangi ya pazia lake. Leo asubuhi ameniuliza kama tumelibadilisha. Hatujalibadilisha.

Barua hii nimeiandika kwenye simu na kuichapa kwa mashine yako, ndiyo maana leo huteseki na mwandiko wangu. Ndani ya bahasha nimekuwekea ile karatasi ya kwanza iliyopauka. Nyingine siwezi kukutumia, Mama analala nayo chini ya mto.

Nisalimie Mzee wako, nisalimie binamu zangu wote wawili, na yule mdogo mwambie bado namdai wimbo wa harusi. Mume wangu anakuamkia, na Mama anasema mashine yako inajua kazi. Mungu akulinde uendako na urudipo, alainishe goti lako, na atuachie jicho hili siku chache zaidi.

Wako akupendaye sana, anayeitazama simu tangu sasa,

Mwanya Mdogo