Vipande Viwili vya Ram

Jumanne, 7 Oktoba

Nafunga pakiti za pilau masala za kuuza tangu alfajiri. Mikono inanuka iliki, hata kalamu inanuka. Zuhura amerudi kazini macho mekundu. Bosi wake wa studio amemwambia mbele ya wateja kwamba anahariri video za harusi polepole kama mtu anayechambua mchele. Mdogo wangu huyu hana ubaya na mtu. Imeniuma.

Amesema Ijumaa ndiyo mwisho. Atafanyia kazi hapa hapa kwetu Pipeline, chumba cha Swaleh, kwa vile mwanangu yuko bweni. Mteja wa kwanza ameshapata. Kompyuta ya mezani amekuwa akiinunua vipande vipande, leo kasha, mwezi mwingine bodi. Imebaki ram tu, ile inayoishikia kompyuta kazi wakati inaifanya. Ya kompyuta yake kuukuu haiingii kwa bodi mpya. Anataka Alhamisi nikienda mjini kununua iliki nimchagulie. Mimi! Niliyeishia darasa la nane. Nimesema Bismillahi, nitaenda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Duka liko ghorofani, ngazi nyembamba. Mwenye duka anaitwa Njoro, kijana mchangamfu. Kwanza akanionyesha ram zenye taa za rangi, zinawaka kama disko. "Mathe, hizi ndizo zinabamba, kila mtu anazitaka." Nikamwambia mdogo wangu anahariri harusi, hachezi ngoma. Akacheka mpaka akashika meza.

Kisha ikawa kuchagua. Kipande kimoja kikubwa, ama viwili vidogo vyenye jumla ile ile. Kimoja kinaacha nafasi ya kuongeza siku za mbele. Viwili vinagawana mzigo, kazi inakwenda mbio. Nikampigia Zuhura. Hakushika, bosi hataki simu. Nikasimama pale nikafikiria maji. Sisi wa ghorofa ya tano tunajua kupandisha maji. Mtungi mmoja mkubwa unakupinda mgongo. Miwili midogo, mkono huu na mkono huu, unafika. Nikachukua viwili, pakiti moja, pacha.

"Ukifungua hii pakiti hairudi, mathe."

Nimeshuka ngazi nimekumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Iliki nimesahau.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zuhura ameaga. Bosi hakukasirika, alicheka. Kasema kile kiti hampi mtu mpaka Jumatatu saa nne, maana atarudi mwenyewe. Zuhura ametusimulia akitabasamu. Hakula.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ameiunga kompyuta mwenyewe, sakafuni juu ya mkeka, mimi namshikia tochi ya simu. Ram zangu ziliingia vizuri, tak, tak. Nikaona fahari, Mungu anisamehe.

Tukawasha. Feni zinazunguka. Kioo cheusi. Ndani, karibu na ram, kijitaa cha rangi ya chungwa. Zuhura akainama kukitazama, akasema kile kijitaa kinaonyesha shida iko kwa ram.

Baba Swaleh, mume wangu, akazima ukutani. Ndiyo desturi ya nyumba hii. Tangu stima ilipokuja kwa nguvu ikachoma friji yetu, kitu kisichoonyesha uhai mara moja tunakikata kabla hakijaanza kunuka. Tukawasha tena. Cheusi. Akakata. Tukawasha. Akakata. "Shemeji, hii itatuunguzia jengo," anamwambia Zuhura, kidole tayari kwenye swichi.

Zuhura hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumapili, 12 Oktoba, mchana

Tumejaribu kipande kimoja peke yake. Cheusi, kijitaa, Baba Swaleh akakata. Tumejaribu kile kingine. Vilevile. Njoro ni mtu wa kanisa, leo amefunga duka na simu amezima. Tena pakiti tumeshafungua.

Ningechukua kile kimoja kikubwa je? Mimi na mitungi yangu. Nani alinituma kulinganisha?

Zuhura amepiga pasi nguo zake za kazi, zile za bluu. Nimemwambia asiende. Akasema, "Dada, nimechukua harusi ya watu na sina pa kuifungulia. Huko kuna mashine." Nimetoka nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumapili, baada ya isha

Alhamdulillahi.

Jioni Zuhura alirudisha vipande vyote viwili ajaribu mara ya mwisho, halafu afunike kasha basi. Akawasha. Cheusi. Papo hapo adhana ya magharibi. Baba Swaleh ndiyo ametoka kutawadha, anakuja na mkono unachuruzika kukata stima. Nikamfokea, unataka kufa? Akaacha. Tukaenda sebuleni kuswali, feni zinavuma kule chumbani. Kusema kweli, kwenye sijda nilikuwa nanusa kama kuna moshi. Nimeshatubu.

Zuhura aliomba dua ndefu. Nilipoinuka nikaona mwanga chini ya mlango wa chumba. Kioo kimewaka! Maandishi meupe, na ram zote mbili zimetajwa, hakuna iliyokosa. Zuhura alikaa chini kabisa, akafunika uso na mtandio.

Baadaye Njoro akapatikana. "Hizo mpya mkiwasha mara ya kwanza lazima zijipime na bodi, mathe. Kioo kinakaa giza dakika kadhaa. Si mngengoja tu? Kwani mlikuwa mnazima?" Kumbe kila tulipokata zilianza upya. Nikampa Baba Swaleh simu ajibu mwenyewe. Akaiweka sikioni, akasikiliza, akasema, "Netiweki ni mbaya hapa," akakata.

Zuhura alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia hivyo tangu mwezi wa saba. Sasa anaweka programu zake. Hakusema kama kesho anakwenda, nami sikuuliza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa nne imepita. Simu yake ililia, ni bosi. Ameiacha ilie hadi mwisho. Nguo za bluu ziko kwenye hanga.

Nimempelekea chai. Bibi harusi yuko kwenye kioo anavishwa bangili, shangazi zake nyuma wanapiga vigelegele, picha inakwenda bila kukwama. Nikasimama mlangoni nikitazama. Nikamuuliza kama atakula mahamri ama nimchemshie mihogo. Hakugeuka.

"Dada, nifungie mlango. Niko kazini."

Nimeufunga.