Bodi Iliyongoja Arobaini Yako

Mwalimu Zuhura,

Nilitaka nianze na salamu, lakini moyo huo sina. Shule yetu ya Jumamosi ya kuwafundisha watoto kusoma imefungwa. Kazi uliyoihangaikia miaka tisa hapa ughaibuni, Flemingdon Park, sisi tumeimaliza katika siku za msiba wako.

Bodi yetu unaijua: wazee saba, kila mmoja na heshima zake. Ulipokuwa hai hakuna kikao kilichoanza kabla mtoto mmoja hajaingia akawasomea ukurasa mzima. Mwenyekiti, Mzee Hamisi, alinuna. "Sisi tumekuja kuongoza, si kusomewa hadithi." Ukamwambia, "Utaongoza nini, mzee, kama hujui mtoto amekwama wapi?" Siku Neema alipokwama kwenye mstari wa kwanza, wazee waliinamisha vichwa, na wiki iliyofuata wakakuruhusu unichukue mimi niwe msaidizi wako. Watoto walisoma, Mwalimu. Neema alifika hadi sentensi nzima nzima.

Kisha ukafa.

Kibali cha kutumia madarasa kilitakiwa kuombwa upya, na ombi halipiti bila kikao cha bodi. Tarehe ya mwisho ulikuwa ukiikumbuka wewe peke yako. Siku ya kumi na mbili Mzee Hamisi alinipigia simu. "Binti yangu, bodi ikae?" Nikamjibu, "Mzee, udongo haujakauka. Watu watatuonaje? Tungoje arobaini." Akanisifu, akasema nimelelewa vizuri. Niliona fahari, Mwalimu. Mungu anisamehe, niliona fahari.

Tukangoja. Tukakusomea hitima, tukala pilau. Kesho yake bodi ikakaa, wote saba, na hata kumwita mtoto asome hatukukumbuka. Tulipopeleka ombi, ofisi ya vibali walituambia muda umepita, vyumba wamepewa watu wa karate. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini safari hii yaliyoumia si yetu.

Jana nilimkuta Neema kwenye lifti. Nikamwomba anisomee tangazo lililobandikwa ukutani, maneno matano tu. Akalitazama sana, halafu akatazama viatu vyake. "It's okay, Miss," akasema, kana kwamba mimi ndiye wa kubembelezwa. Nilishuka ghorofa isiyo yangu nikalia.

Ungekuwepo ungenigombeza. Natamani hata hilo.

Wazazi wanailaumu ofisi, wanasema haina utu, na bodi imewaacha waamini hivyo. Mzee Hamisi hajanitaja kwa mtu yeyote. Ananisitiri, na sitara yake inanichoma kuliko matusi.

Pumzika, Mwalimu wangu. Jumamosi wazazi wanakutana, na nakuahidi nitasimama niwaambie ni mimi niliyesema tungoje. Kuhusu watoto, sina ahadi ya kukupa.

Msaidizi wako,
Salma