Sauti Iliyoita Mara Nne Kutoka Chumba cha Ndege

Mwaka umekatika tangu asubuhi ile ya baridi ulipoingia kwenye chumba chako cha ndege na kikombe cha chai mkononi, Baba Watoto, na hukutoka tena kwa miguu yako mwenyewe.

Katika tangazo la mazishi niliandika kwamba umetutoka ghafla. Ni mimi mkeo niliyechagua neno hilo, na watu walilirudia waliponipa pole: afadhali hakuteseka, mama, afadhali ilikuwa ghafla. Nikawa naitikia kwa kichwa. Sina hakika kama ilikuwa ghafla. Asubuhi ile nilisikia sauti yako ikiita mara nne, nikaitika mara nne, na sikuinuka kwenye kiti. Jambo hilo limekaa nami mezani na kitandani mwaka mzima. Leo nalisema mbele ya watu kwa sababu sitaki kukukumbuka kwa uongo.

Ulikuwa fundi wa friji. Wiki nzima ulipambana na baridi ndani ya majokofu ya watu, halafu Jumapili ukaenda kuitafuta tena uwanjani kwa hiari yako, na ndege zako za rimoti. Majirani wakakubatiza Rubani. Hukuwahi kupanda ndege ya kweli hata siku moja, na ulipotaniwa ulijibu kwamba aliyekaa ndani anaona mgongo wa kiti cha mbele tu. Lakini Jumapili ile friji ya zahanati ilipokufa, uliiacha ndege ikiwa imeshapakiwa kwenye gari, ukaenda kushinda zahanati ili chanjo za watoto zisiharibike. Ulirudi jioni na njaa na hukulalamika.

Nyumba yetu ilikuwa na mafundi wawili na vifaa vya mmoja. Mimi mshonaji, wewe mjenzi wa ndege, na kila nilichokitafuta nilikikuta kwako. Pini zangu ulibania vipande vya mbao nyepesi juu ya mchoro, nami nikazipata baadaye kwa unyayo. Mizani ya jikoni ilipima mikia na mabawa kabla ya kupima unga. Pasi yangu uliichukua kukazia ile plastiki nyembamba ya rangi juu ya mabawa. Siku moja nikaipitisha juu ya gauni jeupe la bibi harusi, ikaacha mchirizi mwekundu kutoka kiunoni hadi chini. Nilikufokea mpaka koo likakauka. Ulisikiliza hadi mwisho, ukasema, "Mama Watoto, una haki yote. Sasa nishikie hapa, gundi haijakauka." Nikashika. Ulininunulia pasi nyingine, na baada ya wiki nayo ikahamia kwako.

Sijawahi kukuona umetulia kama ulipokuwa unapima usawa wa ndege. Uliiinua kwa ncha za vidole viwili tu, kimoja chini ya kila bawa, ukasubiri uone pua itainama au mkia. Hapo hatukuruhusiwa hata kukohoa. Ikikaa sawa ulituita wote tuone, nasi tuliacha tulichokuwa tunafanya tukaja. Wakati ule tulikuwa tunakuja ukiita.

Ulipenda baridi. Ulisema hewa ya baridi ni nzito, inabeba, na ndege inapanda kama imesukumwa kwa chini. Shida ilikuwa betri na vidole. Betri zikipoa zinaisha mapema, kwa hiyo ulizibeba kifuani, ndani ya sweta, hadi dakika ya kuruka. Vidole navyo vikifa ganzi havijui vijiti vya rimoti viko wapi. Ndivyo ulivyoipigiza ile ndege ya manjano kwenye uzio, umevaa glavu zangu za kuipulia sufuria. Nikaona yaishe. Nikakushonea mfuko wa rimoti: blanketi kwa ndani, turubai kwa nje, matundu mawili ya mikono, na dirisha la plastiki juu ili uone kioo chake. Fundi miwani, mwenzako wa uwanjani, aliugeuza mara tatu mikononi. "Mwenzangu umeoa," akasema. "Mimi pia nimeoa, lakini sijashonewa kitu."

Rimoti yenyewe ilikuwa inazungumza. Ilipotoka dukani ilikuwa na sauti ya mwanamke wa lugha ya kigeni, anahesabu dakika na kuonya betri ikipungua. Nikakutania kwamba humu ndani hakuna nafasi ya wanawake wawili wa kukuamrisha. Ulicheka, na Jumamosi hiyo hiyo ukakaa jikoni na simu yako, ukarekodi maneno yote upya kwa sauti yako na kuyatia kwenye rimoti. "Dakika tano zimepita." "Betri inapungua, shuka." Na lile la kumkumbusha mtu, kila dakika kumi zikipita, kwamba rimoti inawaka na haijaguswa: "We, bado upo?" Nyuma ya hilo la mwisho nimo mimi, nakaanga vitunguu na kukuambia unipishe. Utani ulikuwa wangu, na sauti hiyo iliingia humo kwa sababu yangu.

Asubuhi yenyewe nyasi zilikuwa zimeganda nyeupe. Ulikuwa unangoja jua lipande kidogo ndipo fundi miwani apite kukuchukua. Ukaenda kujaribu mkia wa ndege mpya, kama unageuka kulia na kushoto kwa usawa. Chumba kile kilikuwa baridi, kwa hiyo ulikuwa na rimoti ndani ya mfuko hata hapo mezani. Mimi nilikuwa chumba cha pili kwenye cherehani, napinda mapazia, na kati yetu ulikuwepo ukuta mmoja.

Kama saa tatu na robo nikasikia, "We, bado upo?" Blanketi nililolishona kwa mkono wangu lilikuwa limeifunika sauti, ikatoka nzito na ya mbali kidogo, kama ya mtu anayeita huku amekupa mgongo. Nikajua unanichokoza. Nikajibu, "Nipo, nitaenda wapi?" Cherehani ikaendelea.

Mara ya pili nikasema, "Nipo bado." Mara ya tatu nilikuwa na pini mdomoni, nikaguna tu. Mara ya nne nilikasirika, Mungu anisamehe. Nikasema, "Baba Watoto, wewe una maneno na mimi nina kazi." Moyo wangu ulikuwa na amani kabisa, maana nilikuwa nakusikia. Mke gani anamhofia mume ambaye anamsikia?

Ilipokuwa inakaribia saa nne fundi miwani akapiga honi, nikaja kukuita. Ulikuwa umelaza shavu juu ya mchoro, mikono imeanguka mapajani. Chai ilikuwa imepoa, imefanya utando. Nikaingiza mkono ndani ya sweta kuutafuta moyo, nikakutana na betri. Zilikuwa bado na uvuguvugu. Joto lile lilikuwa lako, na mpaka leo nikinawa kwa maji ya vuguvugu nautoa mkono haraka. Nikiwa bado nimekushika hivyo, mfuko uliokuwa mezani ukaniuliza kwa sauti yako kama bado nipo. Fundi miwani ndiye aliyeizima rimoti. Daktari alisema moyo ulisimama. Hakusema ulisimama saa ngapi, nami sikuuliza.

Kwa miezi tisa sikumwambia mtu. Mwanao aliiweka rimoti juu ya kabati, nikaishusha. Asubuhi, nyumba ikishabaki yangu peke yangu, niliiwasha, nikaiweka kwenye ile meza yako na kurudi kukaa kwenye cherehani bila kushona. Dakika kumi ni nyingi ukizisubiri. Ukiita naacha kila kitu, naenda mbio, nafungua mlango. Kiti kipo, mchoro upo, harufu ya gundi ipo. Naugusa mfuko, narudi, nakaa tena. Kuna siku nilitembea hivyo mpaka adhuhuri, na blauzi ya mtu ikabaki na mkono mmoja. Nilikuwa nakuja, Baba Watoto. Kila ulipoita nilikuwa nakuja.

Mwanao, ambaye siku hizi anaendesha lori la safari ndefu, alirudi bila taarifa akanikuta koridoni. Alisikia sauti yako ukutani na kuniona ninavyokimbia. Aliegemea mlango. Baadaye aliniketisha, akampigia dada yake, nikawaeleza wote wawili jikoni. Mwanao alilia huku amenishika mkono. Bintiyo hakulia. Unamjua, ni muuguzi hata akiwa kwao.

"Ya kwanza ilikuwa saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Na ya pili?"

Nikamwambia. Alihesabu kwa vidole hadi akafika mwisho. Kisha akachukua mkoba wake akaondoka, na kwa miezi miwili na zaidi hakukanyaga hapa. Nikipiga simu alipokea, akauliza kama nimekula, akakata. Nilishakupoteza wewe, na sasa nikaona na yeye ananiponyoka.

Ndege mpya waliimalizia mwanao na fundi miwani. Wiki tatu zilizopita waliirusha, asubuhi ya baridi ile uliyokuwa unaipenda, na betri nilizibeba mimi kifuani. Ilipanda vizuri. Ina tabia ya kuinamia kushoto kidogo, na fundi miwani anasema wewe ungeimaliza hiyo kwa kipande kidogo cha madini ya risasi kwenye ncha ya bawa. Ilipokuwa juu rimoti ikasema, "Dakika tano zimepita," na wanaume wazima wakatazama viatu vyao. Mwanao aliishusha salama, ila alivunja gurudumu. Pale pale nikamwambia aiondoe ile sauti moja ya "We, bado upo?", nyingine aziache zilivyo. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Aliiondoa akaiweka kwenye simu yake, na nikiitaka itabidi nimwombe.

Sikuiondoa kwa sababu nimechoka kukusikia. Ningeisikiliza hadi nife, na hilo ndilo lililokuwa linamtisha mwanao.

Jumatano iliyopita nilikuwa mezani naandika tangazo hili, bintiyo akaingia bila hodi, bado na sare ya kazi. Nilikuwa nimeshaandika kwamba ni mwaka tangu ututoke ghafla. Alisoma akiwa amesimama.

"Mama, neno hili si uliliandika mwaka jana?"

"Niliandika."

"Lifute. Andika vile ulivyotuambia."

"Mwanangu, watu watasoma."

"Wasome."

Akavuta kiti akakaa. Alisema siku ile alikuwa anahesabu ili aipate dakika ambayo ningeinuka na kukukuta hai, na kwamba ameendelea kuihesabu miezi yote hii, kazini na nyumbani. "Siwezi kukuambia angepona," akasema. "Siwezi kukuambia asingepona. Mtu akikuambia anajua, huyo anakudanganya."

Nikamwambia sijawahi kutaka adanganye.

Basi akavua viatu vyake vya wodini, akaanza kusugua miguu. Akaniambia kwamba kengele ya kitanda ikilia wakati yuko na mgonjwa mwingine, anaitikia kwa sauti, "Nakuja." Kila muuguzi anafanya hivyo. Lakini kuna siku alisema "Nakuja" akiwa amekaa na kikombe cha chai, kwa sababu tu miguu ilikuwa inamuuma. Hakumbuki ni mara ngapi. "Sikuwa nimekukasirikia wewe peke yako, Mama." Hapo ndipo alipolia, na alilia kama wewe, bila sauti, mabega tu. Nikampashia chakula, akala chote, akaomba na kilichobaki.

Kabla ya kuondoka alichukua kalamu akapanga majina yetu upya, na nimeyaacha alivyoyapanga.

Tunaokukumbuka ni mkeo mshonaji na bintiyo muuguzi, katika mstari mmoja kama alivyotaka mwenyewe. Mwanao dereva na mkamwana wako anayesema bado anakuta pini kwenye zulia. Wajukuu wako watatu. Fundi miwani na wenzako wote wa uwanjani.

Siku zote tutakukumbuka, Rubani wetu. Na nyumbani kwako sasa, mtu akiita kutoka chumba kingine, hatuitiki tukiwa tumekaa.