Kilo Nane za Melenaite

Jumatatu, 10 Machi
Mizani ya hospitali: kilo 118. Nesi aliisoma mara mbili, kwa heshima. Figo langu linamfaa dada yangu Melenaite kabisa — mwenye figo ndiye asiyefaa. Nipungue kilo nane kabla Aprili haijaisha, la sivyo hakuna kupasuliwa. Yeye yuko Auckland, New Zealand, kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Daktari kaniagiza kutembea, saa nzima kila siku. Rahisi! Miguu ninayo.

Jumanne, 11 Machi
Nimetembea nguzo tatu za umeme. Barabara yetu haina njia ya miguu: ni lami, mtaro, mbwa. Jirani yangu Uaisele akasimamisha gari.
"Unakwenda wapi?"
Popote, nikasema. Natembea tu.
"Gari lako bovu?"
Zima.
"Umegombana na shemeji?"
Hapana.
"Basi panda, bwana, watu wananitazama!"
Hapa visiwani Tonga ukimpita mtu mzima akitembea, aibu ni yako. Nikapanda.

Alhamisi, 13 Machi
Leo njia ya nyuma. Hakuna magari — kuna nyumba kumi na moja, na zote zinaita: njoo ule! Unajibu umeshiba, unapita. Ila Bi Kalolaine alinishika mkono. "Umekonda, mwanangu." Mcha Mungu yule, kusema uongo mchana kweupe! Muhogo, nyama ya kopo, tui zito. Nimetoka mzito kuliko nilivyoingia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani. Nguruwe wa kuokwa ardhini. Usingizi. Sheria inakataza kazi Jumapili, nami ni raia mwema.

Jumatano, 26 Machi
116. Mke wangu Lavinia anasema yeye haoni tofauti, labda kitanda ndicho kinaiona.
Mwaka juzi nilikaa kwa Melenaite mwezi mmoja, nikapungua kilo nne bila kujua. Duka karibu, njia pana ya miguu, na hakuna anayekujua. Hapa ninapendwa mno. Magari saba yamenisimamia leo! Na wote wimbo mmoja: usitembee, hatari.

Ijumaa, 28 Machi
Kumbe! Uaisele amekiri. Melenaite ndiye aliyewapigia simu wote, hadi mchungaji. Alisikia lori lilimgonga mtu pale kwenye kona, akawaambia wasiniache barabarani.
Nikampigia. Kwetu dada yuko juu ya kaka, hata akiwa mdogo wake. Hatutaniani, hatubishani. Sauti yake imekuwa nyembamba.
"Kaka, usitembee tena barabara ile. Figo nitasubiri. Kaka mwingine nitamtoa wapi?"
Nikasema: ndiyo, dada. Miaka hamsini na miwili sijawahi kumjibu vingine.

Jumamosi, 29 Machi
Saa kumi na mbili asubuhi. Lavinia bado amelala. Barabara tupu kabisa.
Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili nimekishika, robo saa sasa —