Mbio za Safwan na Posa ya Noof

Al Khoudh, Maskati
Jumapili

Dada yangu mpenzi Jawaher,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nnakuombea barua hii ikukute na afya, presha yako imetulia, na binti yako Noof na wote waliomo nyumbani hawajambo. Sisi huku wazima, alhamdulillah, na wa kwanza nnayemtaja kuwa mzima ni mwanao Safwan. Jana kala wali sahani nzima, kisha akagombana na mimi kwa sababu nimemkataza kuinua mtungi wa maji. Nimelitanguliza hilo ili moyo wako ukae, maana yanayofuata ni mazito.

Utashangaa kwa nini nnakwandikia na simu zipo. Simu yako hupokewa na kila mtu, na mimi nikikusikia sauti nitalia kabla sijafika katikati. Barua nimempa jirani yetu Thabit, anayekuja Unguja, akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Nilikwambia siku ile kwamba Safwan alizidiwa kidogo mbioni. Hakuzidiwa kidogo.

Unajua mbio zake si zile za barabarani. Hizi za saiklokrosi vijana huzunguka njia ya mchanga na matope, na penye mbao au kilima hushuka, wakaitia baiskeli begani wakakimbia nayo. Safari hii mashindano ya kimataifa ya vijana wa kiume yalifanywa karibu na kwetu, pembezoni mwa wadi, lile bonde la mto mkavu. Walikuja watoto wa Kibelgiji, wa Kiholanzi, wa Kicheki, mapaja kama nguzo. Mvua hapa hakuna, basi waandalizi walimwaga maji njiani mpaka pakawa tope.

Safwan alipangwa safu ya nyuma kabisa. Mwanangu Sami alikuwa penye kituo cha kubadilishia baiskeli, kamshikia ya akiba. Mimi nilisimama chini ya kilima cha mchanga, kamba tu ikinitenga na wao. Kila alipopita alikuwa kashawapita wengine, na mtangazaji akaanza kulitaja jina lake, na watu nisiowajua wakawa wanaliita. Dada, nilipiga kelele mpaka buibui likanivuka kichwani. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, mbele yake walibaki wawili tu. Lakini alipopita pale alinitazama, na nikaona hakunijua. Nikajisemea ni tope machoni.

Aliporudi kilimani, baiskeli begani, miguu ikamkatika. Hakujikwaa. Aliporomoka kama nguo iliyoanguka kambani. Akainuka, akaanguka tena. Mcheki akampita, kisha Mholanzi. Safwan akaanza kutambaa, anaivuta baiskeli kwa gurudumu.

Sami alikuja mbio akasimama kambani, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kanuni yao ni kwamba mtu akimsaidia mwendeshaji, mbio zake zimekwisha. Safwan akamwona, akapiga ukelele: "Usinishike, Sami! Wallahi ukinishika sikusamehe!" Na mimi, dada yangu, nilidhani kachoka tu. Nilimkamata Sami shati, nikamwambia, "Mwache mwenzio amalize."  Sami alikuwa anaitazama midomo ya Safwan, imekuwa rangi ya jivu. Akajinasua mkononi mwangu, akaingia, akambeba.

Ndani ya gari la wagonjwa Safwan alimtukana mpaka sauti ikamwisha. Tulipofika hospitali mkojo wake ulitoka rangi ya kahawa. Daktari, binti mdogo anaitwa Mazoon, alituambia kwamba misuli imeumia na figo zimeelemewa, na lau angelazimisha kumaliza, huenda tungekuwa tunazungumza mengine. Siku tatu sikutoka pale. Safwan alikuwa akimwona Sami mlangoni anageukia ukutani.

Kisha majibu ya damu yakaja. Safwan kabeba sikoseli. Si mgonjwa, nnakuomba ulifahamu hilo vizuri. Kairithi kwa mzazi mmoja, na mtu wa namna hiyo huweza kuishi hata uzeeni asijue. Ila akijikaza kupita kiasi na mwili umekauka maji, chembe za damu hupinda zikaziba njia. Daktari kasema baiskeli atairudia, pole pole, kwa maji na mapumziko, na miguu ikikataa ashuke.

Kisha akaniuliza kama katika ukoo wetu yupo mtoto aliyekufa akilia viungo.

Nikamtaja Bakhit. Tangu tumemzika mdogo wetu sikuwahi kumtaja mbele ya mgeni. Tuliambiwa kijicho, tukaambiwa homa ya mifupa, na mama akamkanda kwa mafuta mpaka usiku ule wa mwisho. Daktari aliinama, akasema mtoto yule inaelekea alikuwa na sikoseli yenyewe, kaichukua kwa baba na kwa mama.

Sami alikuwepo, akasikia.  Alikwenda kupimwa mwenyewe, akaja jikoni akaniambia: na yeye kaibeba.

Safwan alipopata khabari hiyo aliondoka kitandani, akenda chumbani kwa Sami, akakaa naye. Tangu hapo wanakula pamoja.

Sasa unajua kwa nini nimekuomba usome peke yako. Noof na Sami tumewaposanisha mimi na wewe kwa furaha yetu, na harusi tumeipanga Mfungo Sita. Nimeisimamisha. Mpeleke Noof akapimwe. Akiwa hana, shona nguo zake nami nitakuja na vigelegele. Akiwa anayo, watoto wao huweza kuzaliwa kama Bakhit, na Sami kasema uamuzi awe nao Noof mwenyewe, asishikwe mkono na mtu, na kwamba asikie kwako kwanza, si kwake yeye.

Mimi nnamtaka Noof awe mkwe wangu, Mungu anajua. Lakini sitaki mimi na wewe tuje kukaa huku na huku ya kitanda cha mjukuu, tunamkanda miguu, na safari hii tukiwa tunajua.

Nisalimie wote, Noof umbusu bila kumwambia kwanza kwa nini. Safwan anakubusu mikono.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mahbuba