Profesa wa Kihamba

Meku Gerson, ulifungua redio leo asubuhi? Yule profesa wa sheria aliyechambua kesi ya mabinti na urithi NILIKUWA MIMI.

Usicheke. Mtangazaji, Kindness, binti wa jirani yangu, amenisevu kwenye simu yake "Profesa" kama mnavyoniita kilabuni. Alikuwa anamtafuta profesa wa kweli, kidole kikateleza, akanipata mimi nikikamua ng'ombe.

"Profesa, binti anaweza kurithi kihamba, shamba la migomba la baba yake?"

Tuko hewani, meku! Nikakohoa kisomi. Nikasema, "Sheria haiangalii sketi wala suruali. Binti apewe sehemu yake, na kaka anayemzuia ni mnyang'anyi."

Mnyang'anyi! Mimi huyuhuyu! Hadi mpakani Holili waliacha kuvusha mizigo wanisikilize.

Saa nne dada yangu Anyesi yuko getini, amekumbatia miche ya masale. Unajua nimemnyima kihamba cha mzee miaka sita. Nikadhani amekuja kuomba radhi, maana isale kwetu ni msamaha. Nikamwambia, "Dada, nimeshakusamehe."

Akasema, "Unisamehe nini? Haya ni ya mpaka, Profesa. Shika kamba tupime."

Ya mpaka, meku! Ningekataaje, na mkoa mzima umenisikia?

Nikashika kamba. Akachimba shimo la kwanza pembeni kabisa kwenye njia, akajiachia kipande chembamba hadi nikaona aibu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Sogea huku kwangu, Anyesi. Hapo migomba haitakutosha."